Bima ya afya ya hiari ni biashara ya hasara

Bei za bidhaa hupanda na kushuka kwa msimu, na mfanyabiashara mzoefu hujua namna ya kujihami. Maradhi hayana msimu. Mwenye duka la rejareja lenye mtaji wa Sh milioni 3 akipata bili ya upasuaji ya Sh milioni 1, theluthi ya duka imekwenda, na mwezi unaofuata wateja watakuta rafu tupu. Mwekezaji mdogo naye hulazimika kuuza hisa zake kwa haraka, kwa bei yoyote atakayoikuta sokoni siku hiyo.

Jambo hili si la Kariakoo peke yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2 duniani walikuwa katika hali ngumu ya kifedha kutokana na gharama za matibabu walizolipa wenyewe. Nchini Tanzania uchangiaji katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993, na Mfuko wa Afya ya Jamii ukafanyiwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 na watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikitoka kwa mwajiri. Mtumishi hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Mchuuzi, fundi seremala na muuza mitumba waliachiwa hiari.

Hiari hiyo ndiyo iliyoharibu hesabu. Mzima huona anatupa fedha, mgonjwa hukimbilia kujiandikisha. Mfano ulio karibu ni Toto Afya Kadi, iliyouzwa kwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na Mfuko ukaeleza kwamba wazazi wengi walikuwa wakikata kadi mtoto akishaugua, hivyo malipo kwa hospitali yakaizidi michango kwa mbali. Hakuna kampuni ya bima ya magari inayoweza kudumu ikiwauzia wateja bima baada ya ajali.

Thailand ilipita njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi iliwauzia wakulima na wachuuzi wake kadi ya hiari, na wengi walioinunua walikuwa ni wale waliojua wataihitaji. Mwaka 2001 Serikali yake ilianza kuiacha kadi hiyo, ikawagharimia watu hao kwa kodi za kawaida, na mgonjwa akatakiwa kutoa baht 30 tu kwa kila safari ya hospitali. Kufikia mwaka 2002 mpango ulikuwa umeenea nchi nzima. Thailand haikuwa nchi tajiri wakati huo. Ndiyo kwanza ilikuwa inatoka katika msukosuko wa fedha wa mwaka 1997.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania Novemba 2023, imeondoa hiari kwa kumtaka kila mkazi ajiunge. Hilo ni sahihi. Aidha, imetaja kodi za bidhaa kama soda, pombe na vipodozi kuwa chanzo cha fedha za kuwalipia wasio na uwezo. Wauza vinywaji watalalamika, na wana haki ya kulalamika, lakini kodi ya namna hii angalau mlipaji huilipa kidogo kidogo.

Ugumu uko kwa yule wa katikati, ambaye si maskini wa kulipiwa wala si mwajiriwa wa kukatwa. Muswada ulipojadiliwa mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kilikuwa Sh 340,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa muuza nyanya, fedha hizo zikitakiwa kwa mkupuo ni mzigo mzima wa sokoni. Kenya ilipoanzisha mfuko wake mpya Oktoba 2024, iliwatoza waliojiajiri asilimia 2.75 ya kipato, ikataka walipe ya mwaka mzima mara moja. Baadaye ilibidi uanzishwe mkopo wa kuwawezesha kulipa kidogo kidogo.

Wakusanyaji wa Tanzania hawana sababu ya kungoja hadi wafike kwenye mkopo. Mchuuzi huyo huyo hulipa ushuru wa soko kila siku anapotandaza bidhaa zake, na simu anayopokelea malipo ya wateja anayo mfukoni.