Kunyamaza si Nguvu



Tangu M23 walipoingia katika muji wetu, Februari 2025, wengi kati yetu tulirudi darasani na roho yenye kutetemeka. Moja analala juu ya daftari sababu usiku hapati usingizi. Mwingine anakasirika bure na kupiga wenzake. Sisi tunasema nini? « Ule ni wazimu! » Kisha tunacheka. Hata sisi wenye kuandika hapa tulicheka.

Tulikosa. Kile ni kidonda, na hakuna mutu anayecheka mguu uliovunjika. Kule Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege katika 1999, hawapasui mwili tu: kuko pia watu wenye kazi ya kusikiliza mambo ya roho.

Wavulana wanaambiwa nyumbani: mwanaume halii. Lakini Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro.

Basi mwenzako akinyamaza siku tatu, umuulize: « Ndugu, kuko nini? » Umusikilize mpaka mwisho, wala usitawanye maneno yake. Yakikushinda, mwende wawili kwa mwalimu munayemwamini. Tuombe Mungu, ndiyo. Lakini masikio pia alitupa yeye.