Wito kwa Wazee na Walimu wa Chukwani Kuhusu Katuni za Watoto

Katuni wanazoangalia watoto wa Chukwani, Zanzibar, wakisharudi skuli na chuo cha Kurani huhesabiwa na wazee wengi kuwa burudani isiyo na dhara, maadamu hazina matusi wala utupu; kipimo hicho ni cha lazima, lakini hakitoshi, kwani hakiulizi nani ndani ya katuni anamtazama nani, na kwa idhini ya nani.

Katika PAW Patrol, katuni ya Kanada iliyotengenezwa na kampuni ya vitu vya kuchezea ya Spin Master na kuanza kurushwa mwaka 2013, mvulana Ryder huongoza kazi zake kutoka mnara wenye darubini unaouangalia mji mzima, na Chase, mbwa mwenye sare ya polisi, baadaye hupewa vifaa vya upelelezi pamoja na droni, yaani kidege kisicho na rubani. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba wakaazi wa mji huo hawaulizi nani aliyempa mvulana idhini ya kuwatazama, na meya mwenyewe, penye shida, hukimbilia kumpigia simu. Mtoto wa miaka minne, ambaye bado hajapambanua hadithi na utaratibu wa dunia, huzoea hapo kuamini kwamba kutazamwa ndiko kulindwa.

Lakini chuoni mtoto huyo huyo husomeshwa Surat An-Nur, ambayo katika aya ya 27 inakataza kuingia nyumba ya watu bila ya idhini, na katika aya ya 58 inataka hata watoto waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha, yaani sitara ya mtu na mambo yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, nayo inalinda faragha ya mtu, familia, maskani na mawasiliano yake. Isitoshe, mtoto anayetazama naye hutazamwa: Septemba 2019 YouTube ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa tuhuma za kukusanya taarifa za watoto bila ya ridhaa ya wazazi.

Marufuku peke yake si dawa. Juni 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilizuia katuni 6 kwa madai ya kutukuza ushoga, na suala la nani anamtazama nani likabaki pale pale.

Kwa hiyo wazee wanaombwa kukaa na watoto katuni nzima, wakiwauliza nani anatazama na kwa ruhusa ya nani. Walimu wanaosomeshwa katika Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, hapo hapo Chukwani, waandae masomo mafupi ya maswali hayo. Na wote wakutane kwa sheha, waandike barua moja kwa Baraza la Wawakilishi, ambalo ukumbi wake umo mtaani mwao, wakitaka Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC) litenge saa za vipindi vya watoto vilivyotengenezwa nyumbani, kwani shirika la Ubongo la Dar es Salaam limethibitisha kwa katuni yake Akili and Me kwamba Kiswahili kinaweza kulea mtoto mbele ya skrini.