Nani ana haki ya kumfukuza nyani?

Mahindi yameanza kubeba, na sisi wote wa Kyangwali tunajua maana yake: nyani wamesharudi. Leo tunataka tuzungumze wazi juu ya jambo ambalo kwenye mikutano linapewa dakika mbili tu, kule mwisho kabisa kwenye "mengineyo", watu wakiwa tayari wamesimama. Mnyama anapokula shamba, ni nani anaruhusiwa kumfukuza, kumtega au kumuua? Na kama shamba lenyewe si lako, umelikodi tu, je?

Msimamo wetu tunausema mapema ili mtu asitusome vibaya. Hatuombi ruhusa ya kuwinda ovyo. Tunaomba ulinzi wa mazao uwe na utaratibu, na utaratibu huo utuhesabu na sisi tunaolima bila kumiliki. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na watoto na waya, na vyote viwili vinatuumiza.

Tuanze na sheria, maana wengi tunaishi kwa kusikia. Uganda wanyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, hata kama wako ndani ya ua wako. Mwenye shamba hana mnyama, ana shamba tu. Lakini kuna watatu ambao kwa miaka mingi wamehesabiwa kuwa waharibifu: nyani, tumbili na nguruwe-mwitu. Kuwadhibiti hao kumewekwa mikononi mwa serikali za wilaya, si za hifadhi. Wilaya inatakiwa kuwa na mtu wake wa kazi hiyo, mwenye bunduki na mafunzo. Sasa hesabu mwenyewe ukubwa wa wilaya ya Kikuube, kisha jiulize huyo mtu atafika kwako siku gani. Nyani wanamaliza shamba asubuhi moja, kabla ya saa nne.

Halafu angalia milango. Msitu wa Bugoma uko chini ya mamlaka ya misitu, NFA. Wanyama wenyewe wako chini ya UWA. Waharibifu ni wa wilaya. Ardhi ya makazi yetu iko chini ya OPM. Nyani mmoja, milango minne! Tuliwahi kusindikiza mama mmoja wa bloku yetu kupeleka malalamiko. Ofisi ya kwanza ikasema nendeni ya pili, ya pili ikasema huyo mnyama si wetu, ya tatu ikaandika jina lake kwenye karatasi na mpaka leo karatasi iko huko. Hatuzitaji, maana watumishi wenyewe walikuwa wapole na walitupa hata viti. Shida ni kwamba hakuna aliyeambiwa kuwa hiyo ni kazi yake kwa mkimbizi.

Hapo ndipo suala la ardhi linaingia, na ndipo tunataka wafanyakazi wa misaada wasikilize zaidi. Waliofika mwaka 2018 kutoka Ituri, wakivuka Ziwa Albert, walipewa viwanja vidogo kuliko waliotangulia. Kiwanja hicho ukijenga nyumba, choo na jiko, kinachobaki ni cha mboga. Kwa hiyo watu wanakodi mashamba kwa wenyeji, na ya bei nafuu ni yale ya pembeni, karibu na msitu. Bei ni nafuu kwa sababu. Mwenyeji naye si mjinga, anajua pale nyani wanashukia.

Mwenyeji akivamiwa, anamwita mwenyekiti wa LC1, anawaita majirani, wanakuja na mbwa, nyavu na mikuki, wanafukuza nguruwe siku nzima. Ni ardhi yake, ni watu wake. Sisi tuliokodi tukiita watu wenye mikuki na mbwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, kesho yake habari inayotembea ni kwamba wakimbizi wameanza kuwinda. Basi tunakaa kimya. Na kodi? Kodi tulishalipa kabla ya kupanda, kwa maneno ya mdomo, shahidi mmoja, hakuna mahali palipoandikwa nani anabeba hasara mazao yakiliwa. Tunaodaiwa mbegu ni sisi.

Wengine watasema: si kuna fidia? Ipo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 imeanzisha mpango wa fidia kwa mtu aliyejeruhiwa, aliyeuawa au aliyeharibiwa mali na mnyama nje ya hifadhi. Na tunapenda kwamba inazungumza juu ya "mtu", haisemi raia. Lakini fidia hiyo ni kwa wanyama walioorodheshwa kwenye sheria, kama tembo, simba, nyati, kiboko. Nyani hahesabiwi humo, wala nguruwe-mwitu. Yaani mnyama anayekuja kila siku ndiye asiye na fidia, kwa kuwa inachukuliwa kwamba huyo unaweza kumdhibiti. Sisi ambao hatuna njia halali ya kumdhibiti tumeanguka katikati.

Kuna jambo jingine la kufikiria. Huko karibu na Ziwa Mburo, si mbali sana na wenzetu wa Nakivale, tangu mwaka 2001 ulianza uwindaji wa kulipia kwenye mashamba ya mifugo ya watu binafsi. Mgeni analipa, anapiga mnyama aliyeruhusiwa kwa idadi iliyowekwa, na sehemu ya pesa inarudi kwa wenye ardhi na jamii. Watu wanabishana kama ni vizuri au ni vibaya, na hata sisi kwenye kikundi hatukubaliani. Lakini wazo lake tunalielewa: anayevumilia mnyama kwenye ardhi yake apate kitu. Sasa anayelima ardhi ya kukodi anavumilia mnyama yule yule, na hayumo kwenye mgao wowote. Hilo halihitaji digrii kuliona.

Sasa tuje kwenye waya, na hapa tutawasema na wenzetu. Baada ya mwaka 2023, msaada wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi na familia nyingi zikapunguziwa, waya za breki za baiskeli zimekuwa na kazi mpya. Mtu anasema anatega nguruwe anayekula muhogo wake. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine muhogo umeshavunwa na mtego bado uko kule ndani ya msitu, na tunajua wote kwa nini. Nyama.

Si jambo jipya. Kule Kagera, Tanzania, kwenye kambi za miaka ya 1990, nyama ya porini iliuzwa kwa siri mpaka ikapewa jina la "mchicha wa usiku". Shirika la TRAFFIC liliandika ripoti juu yake mwaka 2008, likakadiria kwamba kwenye kambi kubwa zililiwa tani 7.5 za nyama hiyo kwa wiki. Na ripoti haikuishia kulaumu wakimbizi. Ilionyesha kwamba mgao wa chakula haukuwa na nyama kabisa. Mashirika yaliyosoma ripoti hiyo zamani yaisome tena leo.

Pamoja na hayo, waya hatuutetei. Waya hauchagui. Unakamata mbuzi wa jirani, unakamata mbwa, na Bugoma ni msitu wa sokwe. Kule Budongo, msitu mwingine wa upande huu huu, watafiti wamewaona sokwe wengi wenye mikono na miguu iliyokatika kwa mitego ambayo haikuwekwa kwa ajili yao. Na kwa wanyama walio hatarini kutoweka, sheria ile ya 2019 imefikisha adhabu mpaka kifungo cha maisha. Kijana wa miaka kumi na tisa anayetafuta nguruwe, mtego wake ukishika sokwe, nani atasimama mahakamani kueleza kwamba ilikuwa njaa? Sumu ndiyo mbaya zaidi. Ndizi iliyotiwa dawa haiandikwi jina la nyani, mtoto anaweza kuiokota.

Tunajua pia kwamba nyani hawakuja kwa ubaya wao. Sehemu ya Bugoma imekatwa na kupandwa miwa, na sisi wenyewe tunachukua kuni humo humo. Mnyama aliyepunguziwa makazi anatafuta pengine. Hilo tunalielewa vizuri kuliko watu wengi, kwa kweli. Ila kumwelewa nyani hakujazi debe la mahindi.

Kilichobaki ni watoto. Msimu wa mahindi ukifika, angalieni madarasa. Wanaokosekana ni wale wa familia zenye shamba pembeni. Wanakaa kwenye kichuguu na kopo la kupiga kelele tangu alfajiri. Nyani wazee wanawajua, hawamwogopi mtoto, hasa wa kike. Wanamwangalia tu na kuendelea kuvunja. Tumesikia shirika moja likishauri tupande pilipili na tangawizi pembeni kwa sababu nyani hawazipendi. Ushauri si mbaya kwa mwenye eka tano. Mwenye kipande cha kulisha watu wanane atapika pilipili?

Tunachopendekeza ni kitu cha kufanyika msimu huu huu. Vijana wa pande zote mbili, wenyeji na wakimbizi, waandikishwe kuwa walinzi wa mazao chini ya ofisa wa wilaya, wavae fulana zinazojulikana, wapewe simu na zamu, walipwe kwenye ile miradi ya kazi kwa pesa ambayo sasa hivi inatulipa kufyeka barabara. Kazi yao iwe kufukuza na kutoa taarifa. Bunduki hatuitaki, akihitajika wa kupiga, aitwe mtu wa wilaya, na walinzi wawe na namba yake. Mkataba wa kukodi shamba uandikwe mbele ya LC1 na RWC, useme kodi inapunguaje mazao yakiliwa. Na OPM iwaketishe wale wenye milango minne chumba kimoja, hata mara moja kwa msimu.

Bloku yetu tayari tumefungua daftari: tarehe, shamba la nani, limekodiwa au la, mnyama gani, ameharibu mistari mingapi, nani aliarifiwa na alijibu nini. Bloku nyingine mnaweza kuanza leo kwa daftari la kawaida la shule, kurasa 48 zinatosha msimu mmoja. Mkijaza, pigeni picha mzitume kwenye kundi, tutazichapa zote pamoja na kuzipeleka mkutano ujao wa zoni. Tumeshamwomba mwenyekiti atuweke namba moja kwenye ajenda.