Mchoraji wa Marangu na Ukuta Wetu Mweupe



Juma hili ninaomba tuiache kidogo mada tuliyozoea, nizungumze juu ya mtu asiye padre, asiye mtakatifu aliyetangazwa, wala si mwanasiasa. Ni mchoraji. Alizaliwa Marangu mwaka 1932, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka hapa Daraja Mbili, na jina lake ni Elimo Njau. Nimepata kuwauliza vijana wetu wa sekondari kama wanamfahamu, na wengi hawajapata kumsikia. Wanafahamu majina ya wachezaji wa Ulaya hadi wale wa akiba. Sina ugomvi na mpira, lakini mtu wa mlima wa jirani aliyempa Kristo sura ya Kiafrika ukutani mwa kanisa, hata kabla nchi zetu hazijapata uhuru, anastahili dakika kumi za juma letu.

Njau alisomea uchoraji katika Chuo cha Makerere, Uganda. Masomo ya sanaa yalikuwa yameanzishwa hapo mwaka 1937 na Mwingereza Margaret Trowell, mama aliyeamini kwamba kijana wa Kiafrika hapaswi kuanza kwa kuiga picha za Ulaya, bali aanze na kile anachokiona kwao: migomba, soko, mvua, watu wakilima. Kabla ya Njau alikuwapo mtoto mwingine wa Kilimanjaro, Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Huyu alikwenda kusoma London, akawa mwalimu Makerere, na baada ya uhuru akawa Balozi wa Tanganyika huko huko London. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York. Ninamtaja kwa kupita tu, ili tuone kwamba Njau hakuwa ajabu iliyodondoka kutoka mbinguni. Alikuwa na mwalimu, na alikuwa na kaka wa kazi aliyemtangulia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Katika miaka ya 1950 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika mwanzoni mwa 1960. Katika mji wa Fort Hall, ambao leo tunauita Murang'a, Waanglikana walijenga kanisa la kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa katika vita vile vya Mau Mau, wengi wao kwa kukataa kula kiapo. Kuta za kanisa hilo alipewa Njau. Alichora matukio matano ya maisha ya Bwana wetu: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulibiwa. Kazi ilikamilika mwaka 1959, naye hajatimiza miaka 30.

Fikirini jambo hilo, wapendwa. Kijana Mchaga, mgeni katika nchi ile, anaingia mahali ambapo ndugu wameuana. Upande mmoja kuna wajane wa waliouawa kwa ajili ya imani. Upande mwingine kuna familia ambazo wana wao wako kizuizini, nazo zinaliona kanisa lile kuwa ni la watu wa serikali ya mkoloni. Katikati ya hayo kijana anatakiwa aujaze ukuta. Angeweza kuchukua kitabu cha picha za Wazungu akachora Yesu mwenye nywele za rangi ya mahindi mabivu, akalipwa, akapanda basi kurudi. Hakuna ambaye angemlaumu, maana ndivyo makanisa yalivyokuwa kila mahali. Yeye akamchora Kristo Mwafrika, katika nchi ya Kikuyu, kati ya vilima vyao na nyumba zao. Mtoto anazaliwa kwao. Msalaba unasimama kwao.

Ninathubutu kusema kwamba hayo yalikuwa mahubiri mazito kuliko mengi yaliyotolewa mimbarani miaka ile. Maana Kristo anayesulibiwa katika vilima vya Murang'a hawezi kuwa wa upande mmoja tu. Mjane anamwona mumewe pale, na mama wa aliye kizuizini anamwona mwanawe. Ukuta uliokusudiwa kuwakumbuka waliouawa ukawa mahali ambapo kila aliyeingia alikuta maumivu yake. Sidhani kama kwa maneno matupu jambo hilo lingewezekana. Kwa maneno, mtu angelazimika kuanza kwa kusema nani alikuwa na haki.

Baada ya hapo Njau hakukaa kuhesabu sifa. Kwao Marangu alianzisha nyumba ya sanaa iliyoitwa Kibo. Jijini Nairobi, mwaka 1965, yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunaionja raha ya jina hilo bila kufasiriwa: paa ni mnyama, na paa ni kupanda juu angani. Swala anayeruka kama ndege! Hapo wachoraji walionyesha kazi zao, washairi wakasoma, watoto wakafundishwa kushika brashi. Baadaye kituo kilihamia nje kidogo ya jiji, njia ya Kiambu, na hapo Njau na mkewe Philda waliishi ndani ya kazi yao. 

Mwaka 1997 moto uliiteketeza Paa ya Paa. Picha zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 ziliungua, pamoja na vitabu na kumbukumbu. Njau alikuwa na umri wa miaka 65, umri ambao mfanyakazi wa serikali yetu amekwisha kustaafu na anafuga kuku. Wangeweza kufunga, na sote tungeelewa. Hawakufunga. Watoto waliendelea kuja, na wachoraji vijana waliendelea kupata mahali pa kufanyia kazi. Ninapotafakari habari za watu waliojitoa kwa kazi moja, hili hunigusa kuliko picha zenyewe. Kuanza kazi katika ujana ni jambo la nguvu za mwili; kuendelea katika majivu, ukiwa na mvi, kunahitaji kitu kingine ambacho sisi wa seminari tumezoea kukiita wito, na mara nyingi tunakosea kudhani kwamba wito ni wa mapadre na watawa peke yao. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anasema amemjaza Roho wake mtu mmoja aitwaye Bezaleli. Bezaleli si kuhani wala nabii. Ni fundi wa dhahabu, mawe na mbao.

Njau amejulikana kwa msimamo mmoja ambao huukuta karibu kila anapotajwa: usinakili, maana kunakili humlaza Mungu usingizi. Msimamo huu hapa Arusha unatugusa vibaya. Nenda pale wanapouziwa watalii vinyago na picha, tembea kibanda hadi kibanda. Utaona Wamasai wale wale warefu wekundu, Kilimanjaro ile ile, na tembo yule yule chini ya mgunga ule ule. Utaona pia Tingatinga kwa mamia. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoweza kuvimudu. Alichora kwa takribani miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliodhani ni mhalifu anayekimbia. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo wake, na mwaka 1990 wakaundia ushirika. Leo maelfu wanakula kwa jina la marehemu huyo.

Je, hao wote wamemlaza Mungu usingizi? Hapa ninatofautiana kidogo na mzee wetu wa Marangu. Kijana mwenye mke na watoto wawili katika chumba cha kupanga hawezi kuambiwa asichore tembo wakati mgeni anataka tembo. Tena katika Kanisa la Mashariki mchoraji wa ikoni hufuata sura iliyorithiwa, mstari kwa mstari, kwa kufunga na kusali, na hakuna anayesema kwamba Mungu amelala. Nadhani usingizi haumo katika kurudia bali katika kutokuangalia. Mtu anaweza kuchora sura ile ile mara mia akiwa macho, na mwingine akachora kitu kipya huku akisinzia. Lakini nakubaliana na Njau kwa jambo hili: mtu asipojaribu hata mara moja kuchora anachokiona kwa macho yake mwenyewe, kuna kitu alichopewa ambacho kitabaki kimefungwa hadi siku ya hesabu.

Mwenyeheri Yohane wa Fiesole, yule mtawa Mdominiko tunayemwita Fra Angelico, aliyefariki Roma mwaka 1455, alichora katika vyumba vya ndugu zake watawa kule San Marco, Florence. Picha nyingi kati ya hizo zilikusudiwa macho ya ndugu mmoja tu, mwenye chumba. Vasari, aliyeandika karne moja baadaye, anasema hakushika brashi kabla ya kusali. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982, na mwaka 1999 akawaandikia wasanii barua, jambo ambalo wachache wetu tumelisoma. Hata kabla ya hapo, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati juu ya Liturujia ulikuwa umetamka kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake, na kwamba sanaa za mataifa yote zina nafasi ndani yake.

Nimefika sasa kwenye shabaha yangu, na wajumbe wa Halmashauri ya Walei tayari wanaijua. Ukuta wa nyuma ya altare yetu ni mweupe. Pendekezo lililopo mezani ni kununua picha kubwa ya kuchapwa kwa mashine, ya turubai la plastiki, kama mabango ya harusi. Ni rahisi, inapatikana kwa siku mbili, na baada ya misimu mitatu ya jua itakuwa imepauka. Mimi ninasema tumpe kazi mchoraji. Tunaye kijana katika Jumuiya zetu anayeandika mabango na kupamba daladala, na kila mwenye macho amekwisha kuuona mkono wake. Baba yake anamtaka aache, akatafute kazi ya maana. Nimezungumza na mzee huyo. Aliniuliza swali moja tu: "Baba Paroko, atalipwa?"

Swali ni la haki. Fundi wa vigae tulimlipa nusu kabla hajashusha ndoo yake, na hakuna aliyesimama kikaoni kusema afanye kwa kujitolea kwa ajili ya Mungu. Fundi umeme vivyo hivyo. Ila ilipotajwa rangi na brashi, sauti tatu zilisema kijana atoe kipaji chake kama sadaka. Ninaomba kikao cha Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, kije na bei: rangi zinazodumu, kupiga lipu upya sehemu iliyopasuka, majukwaa ya kupandia, na ujira wa miezi mitatu. Kijana naye nimemwomba alete michoro ya awali kwa penseli. Nimemwambia asiniletee Yesu wa kalenda.