Skramu au Kanbani? Mimi nimeshachagua

Wadau, jana tumebishana ofisini mpaka chai ikapoa. Tuko sita, tunaendesha tovuti ya habari. Mwenzetu katoka semina na Skramu yake: mnapanga kazi za wiki mbili, hamuongezi kitu katikati, kila asubuhi mnakutana dakika 15 kuelezana mmefikia wapi.

Sawa. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliitambulisha mwaka 1995 kwa ajili ya watengeneza programu. Hao wanaweza kuahidi wiki mbili. Mimi je? Jumatatu napangiwa makala ya maji, Jumanne Jangwani kumefurika, Jumatano mpango umekufa na mimi ndiye naonekana mzembe. Halafu kikao chenyewe saa mbili asubuhi! Anayetoka Wazo aamke saa ngapi? Foleni ya Barabara ya Bagamoyo mnaijua.

Kanbani ilianzia viwandani Toyota, hao hao wa Hiace zetu. Ubao na safu tatu: inasubiri, inafanyiwa kazi, imekwisha. Wengi wanapenda ubao, lakini utamu wote uko kwenye kikomo. Mwenye habari mbili mkononi haongezewi ya tatu mpaka amalize moja. Hata bosi akija na la dharura, aseme kwanza lipi lisubiri.

Hapo mhariri wetu akakunja uso. Lakini mwezi uliopita mwenzetu aliacha kazi kwa kuchoka, akiwa na habari tano zilizoishia njiani, na hakuna aliyekuwa anajua.

Ubao tunautundika Jumatatu. Kikomo bado: mhariri anataka tano, mimi mbili.