Masafa ya Redio ni Mali ya Umma

Wako wanaodai kwamba redio za dini zikizidi kuenea nchini Marekani, hakuna aliyedhulumiwa. Dai hilo ni la kupotosha. Masafa ya redio ni kama ardhi: ni mali ya umma, wala hayaongezeki.

Ndiyo maana megahezi 88 hadi 92 za FM zilitengwa huko kwa ajili ya elimu, si biashara. Leo humo vimejaa vituo vya dini, vingi vikirudia tu matangazo ya makao makuu yaliyo mbali. Wala havikuishia hapo. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ilifuta sharti la kila kituo kuwa na studio karibu na watu kinaowahudumia. Mwaka 2018 mtandao wa Kikristo wa K-LOVE ulishika masafa ya WLUP mjini Chicago, yaliyonunuliwa kwa dola milioni 21.5.

Ugomvi si na sala. Kila mtu na aabudu apendavyo. Lakini leseni ni amana. Redio isiyojua mto upi umefurika jirani, wala shule ipi imefungwa, haiwahudumii wakazi wa hapo, hata ikihubiri upendo usiku kucha. Mwenye fedha asiachiwe kununua sauti ya mji mzima, hata akiinunua kwa jina la Mungu.