Si kila kinachotiwa maji huoshwa

Siku ya mazishi ya mzee mmoja wa ukoo wetu huko Pwani, msimamizi wa shughuli alitoka mlangoni akauliza, "Waosha wako wapi?" Vijana wawili, waliokuwa wamewasili kutoka Nairobi alfajiri ile, waliinuka kwa adabu wakaelekea kwenye mfereji, mahali palipolundikwa sufuria na sahani. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wazee aliwafuata, akamshika mkono yule mkubwa na kumwambia polepole, "Si vyombo, mwanangu. Ni babu yako."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuisoma insha ya mwanafunzi bila ya kukumbuka mfereji ule. Aghalabu insha zetu huanza na alfajiri: "Niliamka, nikaosha uso, nikaosha meno, nikaosha mwili, kisha nikaosha nguo zangu." Kitenzi kimoja kimemeza jamaa zake wote! Uso hunawa mtu, kama anavyonawa mikono na miguu. Kinywa husukutuliwa. Mwili huogwa. Nguo hufuliwa, kisha husuuzwa. Sakafu hupigwa deki. Mwislamu anayejitayarisha kwa sala hutawadha. Vyombo ndivyo huoshwa, na gari, na mboga. Na mwili wa binadamu huoshwa pale mwenyewe asipojiweza: mtoto mchanga, mgonjwa mahututi, na maiti. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba mwosha huoshwa. Mwanafunzi aandikapo kuwa aliosha mwili wake kabla ya kwenda shuleni, amejiandikia kazi ambayo, ipo siku, wengine watamfanyia.

Yamkini msomaji atauliza: maadamu maana imefika, pana hasara gani? Swali hilo ni la haki, na sitalijibu kwa kumkemea anayeuliza. Nakiri kwamba anayesema "osha mikono" anaeleweka. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, matangazo mengi yaliandikwa hivyo, na watu wakatii. Lakini kueleweka ndicho kiwango cha chini kabisa cha lugha. Mgeni aliyeingia nchini jana naye hueleweka akionyesha kwa kidole.

Hasara iko katika ujuzi uliofichwa ndani ya maneno. Chukua "fua". Mhunzi hufua chuma, mkulima hufua nazi, na mama hufua nguo. Kiini cha kitenzi hiki ni kupiga au kushindilia kwa nguvu. Aliyefua nguo mtoni, akizipigapiga juu ya jiwe, hakuhitaji kufafanuliwa neno hili. Au chukua "nawa". Ni tendo ambalo mtu hujitendea mwenyewe. Akisaidiwa, basi ananawishwa, kama mgeni anavyomiminiwa maji kabla ya chakula. Katika kitenzi hicho kimoja mna heshima ya mwenyeji, birika na beseni.

Tena pana jambo la maisha hasa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hata hivyo, zipo nyumba nyingi za mijini ambamo maji hununuliwa kwa mtungi. Ingia katika nyumba kama hiyo usikilize. Maji yaliyosuuzia nguo hayamwagwi. Yatapiga deki, na yakisha kupiga deki yatatiwa chooni. Ndoo moja hupita katika vitenzi vitatu kabla haijaisha. Mama mwenye nyumba hiyo anajua kwamba maji ya kusuuzia si maji ya kunawia, na mtoto aliyelelewa hapo hachanganyi. Vitenzi vyake ni hesabu ya matumizi na pia kinga dhidi ya maradhi. Kwa nini basi tumpokee shuleni, tumfundishe kusema "osha" kwa yote?

Maana ni sisi tuliomfundisha. Tunamfunza masomo mengi kwa Kiingereza, lugha inayotumia kitenzi kimoja kwa uso, nguo, sahani na gari, kisha tunamwachia atafsiri akilini. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, tumezoea kukifundisha kwa orodha ubaoni. Orodha hukaririwa, mtihani hupita, na maneno hukauka pamoja na wino.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi unatutaka tufunze kwa vitendo. Hapana kitendo kilicho rahisi kuliko hiki: ndoo ya maji, beseni, kitambaa na sufuria chafu mbele ya darasa. Anawe mmoja, afue mwingine, asuuze wa tatu, apige deki wa nne, na kila mmoja alitaje tendo lake kwa sauti analitenda. Maji ya somo hilo hayatapotea. Yatatosha kusafisha darasa lenyewe.

Nanyi wanafunzi, msidhani haya ni mapambo ya mtihani. Itafika siku mtaitwa kwa neno moja tu, bila ya maelezo, na mliyempenda atakuwa amelala ndani akingoja. Ningependa mjue ni wapi pa kwenda.